Anzeni na Bati: Mwongozo Kamili kwa Kikundi cha Akina Mama Kinachojengea Familia Isiyo na Uwezo

Kila mwaka, mvua za Novemba zikishaanza, simu yangu huita. Safari hii ni kikundi cha Kilolo, safari nyingine Mufindi, nyingine Mbarali, wilaya za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Maneno ni yale yale: "Dada, boma letu limelowa." Kuta zimefika juu, mfuko wa kikundi umekauka, na mama tuliyemwahidi nyumba bado analala kwenye kibanda chake kinachovuja. Ikifika Februari kozi za juu, yaani safu za matofali, zimeshaanza kudondoka.

Tatizo si uvivu. Nimeona wanawake wakibeba matofali kichwani na mtoto mgongoni tangu alfajiri. Tatizo ni mpangilio. Vikundi vinaanza na vitu vinavyopatikana kwa mikono, yaani matofali na msingi, na kuacha mwisho vile vinavyodai fedha taslimu, yaani mbao na bati. Mwongozo huu unageuza mambo. Msichimbe msingi kabla bati la mwisho halijaingia stoo.

Nimeuandika kwa nyumba moja tu: mita 7 kwa mita 6, vyumba vinne vilivyogawanywa kwa kuta mbili zinazokutana katikati. Ukubwa huo unatosha mama na watoto wanne au watano, na hakuna ukuta mrefu unaosimama peke yake.

## Mahitaji

Hizi ni hesabu za nyumba hiyo, bila plasta. Bei sitaji, maana ya Mafinga si ya Tunduma na ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Chukueni orodha, mpite maduka matatu, muandike.

- Bati za mita 3, geji 30: 34, pamoja na 2 za akiba. Kofia za kufunika kilele cha paa: 5.
- Mbao za inchi 2 kwa 4 za kenchi, yaani fremu za kubeba paa: 50. Papi za inchi 2 kwa 2, za kupigilia bati: 24. Zote futi 12, zilizotiwa dawa.
- Misumari ya inchi 4, ya inchi 3, na ya bati yenye mpira.
- Matofali ya kuchoma: 4,000, yakiwemo yatakayovunjika.
- Mawe ya msingi: tripu 5 hadi 6 za lori dogo.
- Sementi: mifuko 50 hadi 55 ya kilo 50.
- Nondo za milimita 12: 8. Za milimita 6: 2. Waya wa kufungia.
- Mchanga, kokoto, moramu ya kujazia.
- Nailoni nzito ya kuzuia unyevu.
- Milango 2 ya nje, fremu 4 za milango ya ndani, madirisha 4.

Vifaa vya kazi: sururu, machepe, toroli, makarai, ndoo, miko mitatu au minne, pimamaji, timazi, uzi, futi ya kupimia ya mita 10 na zaidi, na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Ongezeni mabuti na glavu za mpira. Sementi mbichi inaunguza. Nimeona viganja vya mama mmoja vilivyochimbika baada ya siku mbili za kuchanganya zege kwa mikono mitupu, na ilimchukua zaidi ya wiki kabla ya kuweza kufua nguo za wanawe.

Nahimiza geji 30 kwa sababu namba ikipanda, bati linakuwa jembamba zaidi. Geji 32 ni rahisi dukani, lakini upepo wa Agosti na Septemba huku kwetu haulihurumii.

## Hatua ya 1: Familia, kiwanja na karatasi

Familia ichaguliwe mbele ya watu, kwenye mkutano wa kitongoji au mtaa, na sababu ziandikwe. Mkimchagua mtu jikoni kwa mwenyekiti wa kikundi, minong'ono itawamaliza nguvu kabla ya tofali la kwanza.

Familia nayo ifanye kazi. Habitat for Humanity, shirika lililoanza Georgia, Marekani, mwaka 1976, hudai kila familia itoe jasho lake kwenye nyumba yake, na utaratibu huo unafaa hata hapa. Anayeumwa au mzee asiyeweza kubeba, basi akae na watoto wa wabebaji, achague maharage, au ahesabu matofali. La muhimu aonekane kiwanjani kila siku ya kazi.

Sasa kiwanja. Hapa ndipo nilipojifunza kwa machungu. Tulikuwa tumefikisha msingi wa nyumba ya mjane mmoja, mawe yamepangwa vizuri, tunakunywa togwa kivulini. Akaja shemeji yake, akasalimia kwa adabu zote, "Kamwene, mama zangu," tukaitikia. Akatembea juu ya ule msingi kutoka kona hadi kona, polepole, kama anayepima kwa hatua. Halafu akasema, "Mmefanya kazi nzuri. Ila hapa ni pa kaka yangu, na kaka yangu hayupo." Hakupiga kelele. Kazi ikasimama miezi minane.

Kwa hiyo kabla ya chochote:

Nendeni na mama mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji. Ombeni umiliki wake uandikwe kwa jina lake katika muhtasari wa halmashauri ya kijiji, na kama kijiji kinatoa hati ya hakimiliki ya kimila, aombe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Itajeni kwa jina na namba; inasaidia.

Kama ni mjane, ndugu wa marehemu mumewe waitwe, wasikilizwe, wasaini kama mashahidi. Shemeji aliyesaini si rahisi aje baadaye na madai.

Mjini, iwe Mbeya, Iringa au Makambako, pateni kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Msijenge bondeni wala ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, na maji yenyewe yanakataza zaidi.

Mmefaulu hatua hii mkiwa na karatasi yenye jina la mama, mhuri, na saini za ndugu hao, nakala moja kwake na moja kwenye faili la kikundi.

## Hatua ya 2: Bati na mbao viingie stoo

Pigeni hesabu kurudi nyuma. Mvua ya kwanza ni Novemba. Basi bati liwe juu katikati ya Oktoba. Lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango, iwe imekomaa mwishoni mwa Septemba. Kuta zianze mwishoni mwa Agosti. Msingi uwe mwanzoni mwa Agosti. Matofali yatoke tanuruni Julai. Yafyatuliwe mwishoni mwa Mei, mvua zikishakatika. Mnaona ratiba ilivyobana? Ndiyo maana nasema bati linunuliwe kabla, hata mwaka mmoja kabla.

Tukuyu na Rungwe nzima ni habari nyingine. Mvua ya kule haiaminiki hata Juni, na matofali hayakauki. Kikundi cha huko kinunue matofali yaliyochomwa tambarare, kitumie miezi yake michache ya jua kwa kuta na paa tu.

Fedha zinatoka wapi? Michango ya wiki ni polepole lakini ndiyo ya uhakika. Vikundi vingine vinafyatua matofali ya kuuza kwanza, halafu faida inanunua bati. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu 4 kati ya hizo ni za wanawake, haina riba, na mnaweza kuiomba kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii kwa ajili ya mradi wa matofali. Lakini msiujengee nyumba ya msaada. Mkopo unarudishwa, na nyumba ya mjane haizai marejesho.

Kila fedha ikitimia bati tano, nunueni bati tano. Fedha iliyokaa kwenye kibubu cha kikundi ina ndugu wengi: mara msiba, mara ada, mara mbolea. Bati lililoko stoo haliazimwi.

Mbao tafuteni Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill, au kwa mchuuzi anayezitoa huko. Angalieni mambo matatu: dawa imeingia (kata ncha, rangi isiishie juujuu), mbao haijapinda ukiitazama kwa jicho moja kutoka mwisho, na haina mafundo makubwa katikati. Zikifika, zipangeni juu ya vipande vya miti, mbali na udongo, kila safu itenganishwe na vijiti ili hewa ipite. Mbao mbichi zilizorundikwa chini zitapinda kama upinde, na hakuna fundi atakayezinyoosha.

Mmefaulu mkiweza kuhesabu bati zote na mbao zote mbele ya kikundi, na daftari likakubaliana na stoo.

## Kabla ya kwenda mbele: watu, siku na chungu

Kujitolea kuna kikomo. Kikundi cha watu 20 kikiitwa kila siku, baada ya wiki mbili watabaki sita wenye huruma. Sisi tunafanya siku mbili kwa wiki, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana, na hatugusi siku ya gulio wala ya ibada. Juni na Julai mahindi yanavunwa, kwa hiyo kazi nzito haiwekwi hapo, isipokuwa zamu za tanuru. Kukitokea msiba, kazi inasimama, mtu haulizwi.

Gawaneni makundi: maji, udongo na mchanga, matofali, jiko, na watoto. Wanaolea watoto wameshika kazi kamili. Waandikwe kwenye daftari kama wabebaji. Mjamzito asibebe, ashike daftari. Chakula kiwepo bila kukosa: kande, viazi, chai ya rangi. Ulanzi na komoni, pombe zetu za kienyeji, visiingie kiwanjani hata siku ya kupaua, hata kama vimeletwa kwa nia njema na wazee.

Na jambo moja nalisema kwa moyo wote: msiwe wabeba maji wa fundi. Kila siku ya kujenga, akina mama watatu washike mwiko chini ya uangalizi wake. Mkimpata binti aliyesoma uashi chuo cha ufundi cha VETA, cha Mbeya au cha Iringa, mpeni kazi hiyo kwanza. Nyumba ya pili mtaijenga kwa gharama ndogo kwa sababu ujuzi umebaki kwenu.

## Hatua ya 3: Matofali

Hatua hii ndiyo inayoangusha vikundi vingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Udongo. Finyangeni ukamba mnene kama kidole gumba, muusukume taratibu nje ya ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, udongo una mchanga mwingi, tofali litakuwa la kumomonyoka. Ukipita sentimita 12 au 15 bila kukatika, mfinyanzi umezidi, tofali litapasuka likikauka, ongezeni mchanga. Udongo mweusi wa mbugani unaopasuka nyufa kiangazi msiuguse kabisa.

Kufyatua. Udongo ulowekwe jioni, ukanyagwe asubuhi mpaka madonge yaishe. Kibao chenye ndani sentimita 28 kwa 14 kwa 10 kitatoa tofali la karibu 26 kwa 13 kwa 9 likishachomwa. Kichovyeni maji, mkirushie ndani mchanga kidogo, kisha pigeni bonge la udongo kwa nguvu ili pembe zijae. Pembe tupu leo ni kona mbovu ya ukuta kesho.

Kukausha. Siku tatu za mwanzo yafunikwe na majani. Jua kali likilipiga tofali bichi, juu linakauka, ndani bado, linapasuka. Kisha yageuzwe ubavu, halafu yapangwe kwa nafasi ili upepo upite. Kwenye baridi yetu wiki tatu hadi nne si nyingi. Njombe, Makete na sehemu za Mufindi zina sakitu mwezi Juni na Julai, na maji yakiganda ndani ya tofali bichi yanalipasua vipande vipande. Fyatueni mapema, funikeni usiku. Vunjeni moja: katikati kukiwa na doa jeusi kuliko pembeni, bado ni bichi.

Kuchoma. Pangeni tanuru likiwa na midomo miwili au mitatu inayopita upande hadi upande, nafasi ya kidole kati ya tofali na tofali, kisha likandikwe udongo nje. Siku ya kwanza moto uwe mdogo. Moshi mweupe mzito ni maji yanatoka. Mkichochea hapo matofali yatalipuka. Moshi ukiwa mwepesi ndipo muongeze kuni, usiku na mchana, siku tatu au nne, kwa zamu. Halafu zibeni midomo, muache lipoe wiki nzima. Haraka ya kufungua inaingiza hewa baridi na kupasua yaliyoiva.

Kuni ziwe za milingoti, yaani mikaratusi, iliyokauka, si miti ya asili ya chanzo cha maji. Walio karibu na Usangu au Kyela watumie pumba za mpunga kuchanganya na kuni. Na kikundi kipande miche mahali ilipokatwa miti, msimu huohuo wa mvua.

Tanuru letu la kwanza lilitoka jekundu la kupendeza. Tukapiga makofi. Bibi mmoja, mfinyanzi wa vyungu tangu ujana wake, hakupiga. Alichukua matofali mawili akayagonganisha karibu na sikio, akayaweka kando. Akachukua mengine mawili. "Haya yanaita," akasema, "yale yanakohoa." Tukachukua moja linalokohoa, tukalizamisha kwenye ndoo tangu saa 4 asubuhi. Kesho yake ndani ya ndoo kulikuwa na tope na kipande kidogo kigumu cha kuenea kiganjani mwangu. Karibu robo ya tanuru ilikuwa hivyo, yote ya safu za nje.

Basi jipimieni hivi: tofali lililoiva likigongwa linatoa sauti kali kama chuma, msumari hauachi mfereji, likilala kwenye maji usiku kucha linatoka zima na pembe zake. Yanayokohoa msiyatupe. Yarudisheni katikati ya tanuru lijalo.

Na shimo la udongo lifukiwe au lizungushiwe uzio siku kazi inapoisha. Mvua ikinyesha linakuwa bwawa, na watoto wanapenda bwawa.

## Hatua ya 4: Msingi

Pigeni vigingi, vuteni uzi. Kona isipimwe kwa macho: futi 6 upande mmoja, futi 8 upande wa pili, kati ya alama hizo mbili lazima ziwe futi 10 kamili. Kisha pimeni nyumba nzima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Mishazari yote miwili iwe mita 9 na sentimita 22. Ikitofautiana zaidi ya sentimita 2, rudieni. Paa litawalipiza kosa hilo.

Chimbeni upana wa sentimita 45, kina cha 60 au zaidi mpaka udongo mgumu. Penye mteremko, kama viunga vingi vya Mbeya, chini ya mtaro kuwe ngazi ngazi zenye sakafu bapa, kusiwe mteremko, la sivyo nyumba itateleza taratibu. Usawa upimeni kwa ule mpira wa maji: maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja.

Mawe makubwa chini, yalale kwa tumbo lao pana, mapengo yajazwe vijiwe na udongo wa sementi, yaani sementi ndoo 1 kwa mchanga ndoo 6. Msingi utoke juu ya ardhi sentimita 30 au 40, maana mvua ya huku hurusha tope ukutani. Juu yake tandikeni nailoni, ndipo tofali la kwanza. Bila nailoni unyevu hupanda, na baada ya miaka michache tofali la chini linakuwa unga.

Mmefaulu uzi ukivutwa juu ya msingi pande zote unagusa kote na haupindi popote.

## Hatua ya 5: Kuta

Tofali lichovywe majini kabla ya kujengwa. Tofali kavu hunywa maji ya sementi, na udongo wa sementi unabaki vumbi. Mchanganyiko ni sementi ndoo 1 kwa mchanga 8, wa kutumika ndani ya saa moja tu. Uliokauka usirudishiwe maji.

Kona kwanza, kozi tatu tatu, kisha uzi, kisha katikati. Maungio yasipandane: kila tofali likae juu ya maungio ya mawili ya chini. Kuta za ndani zisukwe na za nje, kozi kwa kozi. Ukuta wa ndani ulioegeshwa tu baadaye hauzuii kitu, na ukanda wetu ni wa bonde la ufa, ardhi hutikisika. Msizidi kozi 10 kwa siku. Za chini zinahitaji kushika kabla ya kubebeshwa.

Kila kozi mbili, timazi na pimamaji. Mpeni kazi hiyo mama mmoja ambaye haogopi kumwambia fundi "bomoa." Sisi tuna mmoja, na mafundi wanamheshimu kuliko mwenyekiti.

Fundi alipwe kwa kipande cha kazi, si kwa siku: msingi, kuta hadi lenta, lenta, paa. Kila kipande kikaguliwe ndipo alipwe, na sehemu ya malipo ibaki hadi mwisho. Andikianeni.

Jukwaa liwe la milingoti mizima iliyofungwa kamba imara, mbao mbili za kusimamia, si pipa juu ya tofali.

## Hatua ya 6: Lenta

Kuta zikifika juu ya milango, karibu mita 2 na sentimita 10, zege lizunguke kuta zote, za nje na za ndani, bila kukatika. Kuna mafundi watakaowaambia muweke juu ya milango tu ili kuokoa sementi. Kataeni. Lenta ndiyo mkanda unaoshika nyumba isifunguke.

Nondo mbili za milimita 12 zipite kote, zikiunganishwa zipishane sentimita 60, na kwenye kona zikunjwe ziingie ukuta wa pili. Vipande vya milimita 6 vizifunge kila sentimita 30. Nondo zisilale juu ya tofali. Ziinueni kwa vijiwe vya sentimita 3 ili zege lizifunike chini, zisishike kutu. Zege ni sementi 1, mchanga 2, kokoto 4, na maji yasizidi: likishikwa kiganjani libaki bonge, lisitiririke.

Pale kila kenchi itakapokaa, zamisheni waya mnene uliokunjwa ndani ya zege, ncha zake zibaki juu. Zitapita ndani ya kozi tano za mwisho na kuifunga kenchi. Msiposahau jambo hili, hamtaokota bati shambani kwa jirani.

Mwagilieni siku 7, asubuhi na jioni. Miti ya kushikilia juu ya milango isitolewe kabla ya siku 14.

## Hatua ya 7: Kupaua

Hii ni siku ya furaha na ndiyo siku ya hatari. Walio juu wasizidi wanne, walio chini wakae mbali na kuta. Upepo ukianza, shukeni.

Kenchi zote 8 ziungwe chini, kwa kipimo cha ile ya kwanza, kisha zipandishwe moja moja na kufungwa na zile waya. Mwinuko katikati usipungue mita 1 na sentimita 20. Paa lililolala linavuja. Machozi ya bati, yaani ncha zake za chini, yatoke nje ya ukuta sentimita 60, maana hayo ndiyo mwavuli wa matofali yenu.

Bati lianze kupigwa upande ule upepo unakoelekea, ili kila linalofuata lilifunike la kwanza na upepo usipate mdomo wa kuingilia. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, kwa sababu maji hupita bondeni. Mpira ubanwe uguse, usipasuke.

Mmefaulu mkiingia ndani mchana, mkafunga milango na madirisha kwa maturubai, msione nukta ya mwanga juu.

## Hatua ya 8: Sakafu, milango, choo

Jazeni moramu kwa tabaka za sentimita 15, mkimwagilia na kushindilia kila tabaka. Nailoni, kisha zege la sentimita 6 au 7. Milango iwekwe komeo la ndani lenye nguvu. Kwa mwanamke anayeishi peke yake na watoto, hili ni la kwanza kabla ya rangi. Mtaro wa maji uzunguke nyumba na kutoka mbali.

Choo kijengwe sambamba na nyumba, si "baadaye." Kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko.

Plasta inaweza kusubiri mwaka mzima. Matofali yaliyoiva hayana aibu.

## Hatua ya 9: Mvua ya kwanza

Mkabidhini mama ufunguo pamoja na ile karatasi ya hatua ya 1. Msiage bado.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, watu watatu waende usiku huohuo au alfajiri, na tochi. Tazameni chini ya kofia, kwenye kila msumari, kwenye kona za madirisha. Tembeeni nje muone maji yanaelekea wapi. Pigeni magoti mguse tofali la kwanza juu ya nailoni: liwe kavu.

Ufa wowote mtakaouona, chukueni penseli, wekeni alama ndogo kila mwisho wa ufa na tarehe pembeni. Nyumba mpya hutulia, na ufa mwembamba kama unywele usioendelea hauna neno. Ukivuka alama, au ukaingia ukucha, aitwe fundi kabla malipo yake ya mwisho hayajatoka. Rudini Januari, rudini Aprili, mtie tarehe nyingine. Penseli hiyo mwachieni mama mwenye nyumba, aiweke juu ya fremu ya mlango.